Jezi Namba 6 Inatuumbua

Shikamoo mama.

Mimi ni mtunza vifaa wa timu yetu ya mtaani huku Mbagala, Dar es Salaam. Cheo kinasikika kikubwa, lakini kazi yenyewe ni kubeba kiroba cha jezi kwenda uwanjani, kukirudisha nyumbani na kuzifua. Jezi ziko 18, nyepesi, za kuteleza, zile za vitundu vidogo vidogo. Tulichangishana tukanunua msimu uliopita.

Tatizo letu ni harufu. Nikishazifua na kuzianika zinanukia vizuri kabisa, hata mke wangu anakiri. Lakini vijana wakianza kupasha, dakika kumi tu, uvundo unafumka kama vile hazijawahi kuona maji. Wapinzani wameanza kututania. Jumapili moja mwamuzi alimwambia nahodha wetu asimame mbali kidogo akitaka kulalamika.

Nimejaribu mengi. Nimeongeza sabuni. Nimetumia ile dawa ya kulainisha nguo yenye manukato, nikaongeza kipimo mara mbili. Nimeloweka kuanzia jioni hadi asubuhi. Mke wangu ni mtu wa Pangani, alizifukiza udi kwenye chetezo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika: zikanuka udi na jasho kwa pamoja. Sasa amesema kiroba kisivuke mlango. Kijana mmoja wa timu anasema tuzigandishe kwenye friza la duka la kaka yake, eti baridi inaua harufu. Mwingine anasema tumwage jiki tumalize kazi. Maji tunayotumia ni ya kisima cha jirani, yana chumvi, ila ndiyo tuliyo nayo. Nafua kwa sabuni ya mche kwa sababu ya unga inaisha haraka.

Mama, kuna jambo lingine. Inayonuka kuliko zote ni namba 6. Aliyekuwa akiivaa ni kijana wetu wa kiungo mkabaji, mtoto mpole, anakimbia dakika zote 90. Wenzake wakaanza kumuita majina. Kwenye kundi letu la WhatsApp wakawa wanamtumia picha za sabuni. Mimi kwa kudhani namsaidia, nilinunua deodoranti nikampa. Kosa langu ni kwamba nilimpa pale pale uwanjani, wenzake wakiona. Alicheka, akaipokea, akacheza mechi. Tangu siku hiyo hajarudi, wiki ya tatu sasa. Na namba 6 anavaa mtu mwingine, lakini harufu ni ile ile.

Kwa hiyo najiuliza kama tulimuonea. Jezi yenyewe naitunza vizuri, maana hata mimi naipenda: Alhamisi huwa naivaa kwenye mazoezi ya maveterani, nikirudi naitundika nyuma ya mlango ikauke, na Jumapili inakwenda kwenye mechi na zingine. Jumatatu jioni ndiyo siku yangu ya kufua.

Nisaidie mama, kabla timu nzima haijapewa jina.

Mtunza Jezi, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka nikaacha, kwa sababu jibu la swali lako gumu umeliandika mwenyewe kwa mkono wako, kwenye aya ya mwisho, ukapita kama hulioni. Alhamisi unaivaa wewe. Unaitundika nyuma ya mlango. Jumapili anaivaa kijana. Kufua ni Jumatatu.

Jasho alilokuwa akinuka yule mtoto ni lako, baba.

Nisikilize kwanza kabla hujaona aibu, maana aibu haitafua jezi. Mimi ni binti wa dobi. Marehemu baba alifulia watu Tanga miaka mingi, na mimi nimekunja na kusuuza nguo za wageni wa hoteli hadi kucha zikawa nyeupe. Nguo za pamba na kitani za enzi zile zilikuwa na ubishi wake, ila huu ubishi wa jezi zenu ni wa aina yake, na ukiufahamu unatoka wapi utajua kwa nini udi haukufaa kitu.

Jasho likitoka mwilini halina harufu ya kusema. Sehemu kubwa ni maji na chumvi. Makwapani kuna tezi nyingine zinazotoa ute mzito zaidi, wenye mafuta na protini, nao pia ukiwa mbichi haunuki sana. Wanaoleta harufu ni bakteria wanaoishi kwenye ngozi. Wanakula ule ute na kuuvunjavunja, na wanachokitema ndicho sisi tunachokiita kikwapa. Kila mtu anao, hata bwana harusi.

Sasa njoo kwenye kitambaa. Jezi yenu ni poliesta, nguo iliyotengenezwa kwa malighafi ile ile ya chupa za maji. Poliesta hainywi maji, ndiyo maana inakauka haraka na wachezaji wanaipenda. Lakini inapenda mafuta. Ute wa kwapa unajipaka kwenye nyuzi na kung'ang'ania, na maji matupu yanapita juu yake kama yanavyopita juu ya jani la mgomba. Pamba inafanya kinyume: inakunywa jasho na kulificha ndani ya nyuzi, na ukifua inalitoa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwachukua watu 26 wenye afya, wakawaendesha baiskeli za mazoezi kwa saa nzima wakiwa na fulana, halafu fulana zikahifadhiwa zaidi ya siku moja na kunuswa. Za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba. Walikuta pia kwamba bakteria wa jamii ya Micrococcus wanastawi kwenye poliesta, wakati wale wanaotawala kwapani penyewe hawakustawi kwenye nguo kwa kiasi hicho. Maana yake, jezi ina wakazi wake. Hawategemei kwapa la nani limeingia leo.

Na ndiyo sababu harufu inalala nguo ikiwa kavu na inaamka wakati wa kupasha. Mafuta yenye harufu yamejificha kwenye nyuzi, baridi na ukavu vinayabana. Mwili ukipata joto na unyevunyevu, yanafunguka. Kabla ya mechi ijayo fanya jaribio hili: mimina maji ya moto kwenye kikombe, geuza jezi iliyofuliwa na kukauka, shikilia sehemu ya kwapa juu ya mvuke kwa nusu dakika, kisha inuse. Bora zaidi mpe mkeo anuse, maana pua yako imeshazoea kiroba, haina tena ushahidi. Jezi itakayopita mtihani wa mvuke imesafika. Ukiinusa ikiwa kavu kwenye kamba unajidanganya.

Tuje kwenye maji na sabuni, na hapa ndipo ninapodhani timu nzima imeangushwa. Watu wa Dar mnayaita yote maji ya chumvi, lakini maji ya visima vingi yana pia kalsiamu na magnesiamu, na hao wawili ndio maadui wa sabuni ya mche. Wakikutana hawatoi povu, wanatengeneza utando mweupe unaoganda kama maziwa yaliyokatika. Umeuona kwenye kingo za beseni, ule unaoukwangua kwa kucha. Utando huo unakaa kwenye jezi pia. Kila Jumatatu unapaka tabaka jipya juu ya mafuta ya jasho, bakteria wanakaa chini yake wamejifunika. Ukaongeza sabuni, ukaongeza utando. Halafu ukaja na dawa ya kulainisha, ambayo kazi yake ndiyo hiyo hiyo ya kupaka nyuzi kitu laini kama mafuta. Kwenye taulo na shuka sina ugomvi nayo. Kwenye jezi inaziba vile vitundu, inazuia jasho kupita, na inawapa bakteria kitanda chenye manukato. Iache kabisa. Ukiwa na chupa iliyobaki, mpe mkeo kwa mapazia.

Kujua kama kisima cha jirani kina tabia hiyo, chukua chupa ya maji safi, tia vipande vidogo vya sabuni ya mche, funika, tikisa. Povu likisimama, maji ni mazuri. Yakiwa meupe kama uji mwepesi na mabonge yanaelea bila povu la maana, basi umemkamata. Wakati wa masika kinga maji ya mvua kwenye madumu, ndiyo maji bora ya kufulia utakayoyapata bure.

Kwa miezi mingine, sabuni yako ni ya unga. Najua inaisha haraka. Inaisha kwa sababu watu wanaimwaga kama wanapanda mahindi. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, kiache hapo hapo. Ya unga haigandi na maji ya kisima kama ya mche, na nyingi zina vimeng'enya (kwa Kiingereza enzymes) vinavyokula protini na mafuta. Soma pakiti, tafuta iliyoandikwa kwamba ina vimeng'enya, hata kama imezidi bei kidogo.

Na msaidizi wake yuko sokoni, kwenye meza ya yule mama anayeuza dagaa na njugu mawe: magadi. Haya haya ya kulainishia maharage na makande. Magadi kwa sehemu kubwa ni sodiamu kabonati, yenye mchanga na uchafu wa ziwa, na sodiamu kabonati ndiyo inayotiwa viwandani kwenye sabuni za unga. Pale Ziwa Magadi, Kenya, yanachimbwa kibiashara tangu 1911, na shehena kubwa huishia kwenye viwanda vya vioo na sabuni. Yanalainisha maji kwa kuikamata ile kalsiamu kabla haijaishika sabuni, na yanayalegeza mafuta ya jasho. Mimi nimeyapenda zaidi kwenye beseni kuliko kwenye sufuria, maana magadi mengi ya ukanda wetu yana floraidi nyingi inayoharibu meno ya watoto, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.

Sasa kazi. Tenga Jumamosi moja, usiifanye usiku. Jezi zikoseshwe mazoea yote ya zamani mara moja.

Saga magadi, pima vijiko vitatu vya mezani kwa kila lita 10 za maji utakazotumia. Yayeyushe kwanza kwenye maji ya moto kidogo pembeni, yachuje kwa kitambaa, maana ule mchanga ukiingia kwenye jezi utazikwaruza. Usitumie sufuria ya aluminiamu, magadi yanaila. Ndoo ya plastiki inatosha. Kisha tayarisha maji ya vuguvugu. Huna kipimajoto, mimi pia sina: lita moja ya maji yaliyochemka kwa lita nne za maji ya kawaida ya huko pwani inakupa kama digrii 40, na hapo vimeng'enya vinafanya kazi vizuri. Ukitia sabuni ya vimeng'enya kwenye maji yanayochemka umeipika, na namba za mgongoni zitaanza kubanduka.

Geuza kila jezi, ndani iwe nje. Hili watu wengi hawalifanyi na sijui kwa nini, wakati uchafu uko upande wa mwili. Beseni la lita 10 liingie jezi sita tu. Hizo 18 ni mizunguko mitatu, na maji mapya kila mzunguko, usinihadae. Tia magadi yaliyochujwa, tia sabuni ya unga kwa kipimo, zamisha, bonyeza, acha saa moja hadi mbili. Kila baada ya muda pita uzikande. Ukishaona maji yamekuwa ya kahawia usishtuke, na usiseme ni rangi ya jezi inatoka. Ndiyo misimu yenu hiyo.

Ulivyokuwa ukiloweka tangu jioni hadi asubuhi, kwa joto la Mbagala, sabuni ilikuwa inachoka usiku wa manane na bakteria wanaanza upya kwenye supu ya vuguvugu. Nguo ikikaa na unyevu muda mrefu hupata harufu nyingine kabisa, ile ya kitambaa cha kudekia kilichosahauliwa kwenye ndoo. Wajapani waliifuatilia harufu hiyo, na mwaka 2012 wakamtaja bakteria mwenyewe, Moraxella osloensis. Kwa hiyo kiroba chako kina wageni wa aina mbili, wa kwapa na wa unyevu, na kulala usiku kucha majini kunamkaribisha wa pili.

Baada ya kuloweka, chukua brashi laini, ile ya kufulia kola, na usugue makwapa na shingo kwa upande wa ndani. Taratibu. Poliesta ikisuguliwa kwa nguvu inatoa manyoya, na manyoya yanashika uchafu kuliko mwanzo. Vaa glovu za mpira ukiwa na ngozi nyepesi, magadi yanakausha mikono.

Suuza mara tatu. Kwenye maji ya mwisho, weka nusu kikombe cha siki nyeupe kwa lita 10, acha dakika 15, kamua. Siki inayeyusha masalia ya ule utando na kuondoa utelezi wa magadi. Harufu ya siki itaondoka na jua, usiogope. Lakini zingatia zamu: magadi kwanza, siki mwisho, na kusuuza katikati. Siku hizi naona watu wanachanganya vyote viwili kwenye beseni moja, povu linapanda, wanapiga picha. Povu hilo ni la wawili wanaouana. Kinachobaki ni maji ya chumvi, na ya chumvi unayo tayari kisimani.

Jiki, hapana. Itachubua rangi, italegeza mpira wa kola na wa bukta, na jezi za msimu mmoja zitakuwa za mechi tatu. Na nakuomba sana, kama iko jiki ndani ya nyumba, isikutane na siki hata kwa bahati mbaya: mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Mke na watoto wako ndani humo. Friza nalo mwambie huyo kijana alirudishie samaki wake. Baridi inawalaza bakteria, wakipata joto la uwanjani wanaamka na njaa. Na udi, mwambie mkeo kwamba simkosoi, nami ni mtu wa pwani, nguo yangu ya Idi haitoki bila kufukizwa. Ila udi ni wa nguo iliyokwisha kuwa safi. Kwenye jasho unaungana nalo, ndiyo maana mlinuka kama bwana harusi aliyefukuzwa na mbwa.

Anika juani, bado zimegeuzwa, kila moja na nafasi yake, upepo upite. Jua na ukavu vinawaua wengi waliobaki, na kwa kuwa ndani iko nje, rangi ya mbele haipauki. Anua zikiwa kavu kabisa, hadi kwenye mishono. Zisizokauka kwapani usizikunje.

Fanya mtihani wa mvuke. Zitakazobaki na harufu, rudia mara moja. Zikikataa mara ya pili ziache ziwe za kupangia koni. Kuna nguo zinafika mwisho wake, baba yangu alikuwa akizirudisha kwa mwenyewe na kusema, "Hii imekufa, sikutozi."

Hiyo ni dawa ya mara moja. Ya kila wiki ni nyepesi kuliko unavyofikiri, na ingekuwa kitu kimoja tu nikuachie, ningekuachia hiki: jezi isilale na jasho. Mechi imeisha saa 12 jioni, una kiroba, umechoka, umefungwa mabao mawili. Sikwambii ufue. Ukifika nyumbani zitie kwenye ndoo ya maji matupu, zikande, zimwage maji, zirudie mara moja, zitundike kwenye kamba. Robo saa. Chumvi yote na sehemu kubwa ya jasho bichi inatoka kwa maji matupu yakiwahi, kabla bakteria hawajakaa kitako. Jumatatu yako ya kufua ibaki hapo hapo. Kinachozimaliza jezi ni zile saa 24 ndani ya kiroba, kwa sababu kiroba ni plastiki, hakipitishi hewa, kimebana joto na unyevu wa watu 18. Nunua mfuko wa kitambaa, au hata wavu wa vitunguu. Kiroba kirudi kwenye mkaa.

Wachezaji nao wana sehemu yao. Atakayependa avae singlendi nyepesi ya pamba ndani, inakunywa jasho kabla halijafika kwenye jezi. Itamlemea kidogo kipindi cha pili, achague. Waoge kabla ya mechi, siyo baada tu, maana anayeingia uwanjani na jasho la mchana kutwa wa daladala analihamishia kwenye jezi ya wote. Kunyoa kwapa kunasaidia. Shabu, lile jiwe jeupe la duka la dawa za asili, ukililowesha na kulipitisha kwapani baada ya kuoga linasaidia vizuri na halina gharama, mama zetu walilijua kabla ya deodoranti. Ndimu sishauri. Inachoma palipotoka kunyolewa, na maji yake yakibaki kwenye ngozi ukasimama juani yanaweza kuibabua ikabaki na mabaka meusi.

Na kama yuko mmoja ambaye hata akiwa na nguo mpya na ameoga anatoa harufu kali isiyo ya kawaida, huyo aende hospitali, kimya kimya, na asiambiwe na kundi.

Nimefika kwa mtoto mwenyewe.

Kijana huyo amebeba harufu ya mtu mzima mbele ya wenzake, akacheka, akapokea chupa, akacheza mechi yake akamaliza. Halafu akaenda zake. Mwanangu, umri wangu huu nimeona wanaume wakubwa wakishindwa kufanya hivyo. Usimuandikie ujumbe. Usimtume nahodha. Nenda kwao mwenyewe, jioni, na usiende na zawadi, hasa isiwe sabuni. Mwambie maneno uliyoniandikia mimi: kwamba jezi ile ulikuwa unaivaa wewe Alhamisi na ulikuwa huifui. Basi. Usimueleze habari za bakteria, usimuambie wenzake walikuwa wanatania tu. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikufukuza, umefukuzwa na haki.

Kundi la WhatsApp ni deni jingine, na hilo lilipwe pale pale lilipokopwa, kama ulivyompa deodoranti hadharani. Andika mwenyewe, kwa ufupi, kwamba umegundua harufu ya namba 6 ilikuwa yako, umeivaa mazoezini bila kufua miezi kadhaa. Watakucheka. Watakutumia picha za sabuni wewe sasa. Kaa nazo. Wewe ni mtu mzima, una mke na cheo cha kiroba, zitakupita. Na kuanzia Alhamisi hii nenda mazoezini na fulana yako. Jezi ya timu ni ya timu.

Mkeo naye ana haki yake. Beseni la jezi liwe la jezi, lisiwe lile la vyombo au la nguo za mtoto, na kazi hii ya Jumamosi uifanye wewe, uani, akiwa amekaa kwenye mkeka anakuangalia. Asikunje hata moja.

Nilisahau glovu za kipa, ambazo hukuzitaja lakini najua zipo humo kiroba na zinanuka kuliko zote. Hizo usizitie magadi wala siki wala jua kali. Ule mpira laini wa kiganjani utakatika kama mkate mkavu. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, vaa kama unanawa mikono, zikande, suuza hadi maji yawe maangavu, zibonyeze bila kuzinyonga, tundika kivulini penye upepo. Kipa azifue mwenyewe, kila baada ya mechi.

Nangoja barua yako ya pili. Nataka kujua mtihani wa mvuke umekwendaje, na Jumapili namba 6 amevaa nani.